Programu huria: Jinsi ya kuchagua mfumo wa kutunza matoleo

HOSPITALI ya Kilutheri Haydom, iliyoko wilayani Mbulu, mkoani Manyara, ilianza kutoa huduma mwaka 1955, enzi ambayo kumbukumbu za wagonjwa ziliandikwa kwa mkono na kuhifadhiwa kabatini. Leo takwimu za afya za wilaya za Mbulu na Hanang, kama ilivyo kwa wilaya nyingine nchini, huingizwa katika DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ambayo kufikia mwaka 2013 ilikuwa imeenea Tanzania Bara yote.

DHIS2 ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni yake. Kundi hilo linajumuisha pia OpenMRS, iliyoanzishwa mwaka 2004 kwa mchango wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani, pamoja na Care2x, iliyobuniwa mwaka 2002 na kutumiwa na hospitali kadhaa za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT).

Uhuru huo, hata hivyo, huja na tatizo lake. Msimbo unapoguswa na mikono mingi, ni nani ajuaye lipi ndilo toleo sahihi?

Chukua mfano wa wataalamu wawili, mmoja akiwa Haydom na mwingine Katesh, makao makuu ya Hanang, wanaorekebisha kwa wakati mmoja fomu ya kukokotoa dawa za watoto. Wa kwanza anasahihisha kosa la kipimo. Wa pili, asiye na habari, anaongeza ukurasa mpya juu ya nakala ya zamani, kisha anaituma. Nakala ya pili ikifuta ya kwanza, kosa lililokwisha kusahihishwa hurudi kimyakimya, na anayelipa gharama ni mtoto aliyeko wodini.

Kazi ya mfumo wa kutunza matoleo ni kuzuia jambo hilo. Mfumo huo huweka kumbukumbu ya kila badiliko: nani amelifanya, lini, katika mstari upi na kwa sababu gani. Watu wawili wakigusa mstari mmoja, mfumo huwaonya ili wapatane. Badiliko likileta madhara, mradi unaweza kurudi katika hali ya jana au ya mwaka juzi.

Mifumo yenyewe

Mfumo wa mwanzo kutambulika, SCCS, ulitungwa mwaka 1972 katika maabara za Bell nchini Marekani. Ulifuatwa na RCS katika miaka ya 1980, kisha CVS, ambao kwa miaka mingi ndio uliobeba miradi mingi ya programu huria. Mwaka 2004 lilitoka toleo la kwanza kamili la Subversion, lililokusudiwa kuondoa kasoro za CVS.

CVS na Subversion ni mifumo ya hazina moja. Historia yote hukaa katika seva moja, na anayetaka kuwasilisha kazi yake ni lazima aifikie seva hiyo.

Mwaka 2005 mkondo ulibadilika. Mradi wa Linux ulipopoteza ruhusa ya kutumia bure mfumo wa kibiashara wa BitKeeper, Linus Torvalds aliandika Git, na Matt Mackall akaandika Mercurial, yote ikianza mwezi Aprili. Kampuni ya Canonical nayo ilikuwa ikiendeleza Bazaar. Mifumo hii ni ya hazina zilizotawanyika: kila mshiriki hubeba historia yote katika kompyuta yake, hufanya kazi bila mtandao, kisha huunganisha kazi yake na ya wenzake mawasiliano yanapopatikana.

Mambo ya kuzingatia

La kwanza ni hali ya mtandao. Mahali ambapo mawasiliano hukatika mara kwa mara, mfumo uliotawanyika una faida iliyo wazi, kwani fundi huendelea kuandika matoleo yake hata siku nzima bila intaneti. Kinyume chake, kunakili hazina kubwa kwa mara ya kwanza huhitaji mtandao wenye nguvu. Git hutoa nafuu hapo: historia inaweza kufungwa katika faili moja na kubebwa kwa flashi kutoka mjini hadi kijijini.

La pili ni usalama wa nakala. Desemba 3, 2023, matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliushukia mji wa Katesh na vijiji jirani, yakaua watu zaidi ya 80, yakabomoa nyumba na kuziba barabara. Msiba wa namna hiyo hukumbusha kwamba chochote kinachowekwa katika jengo moja kinaweza kupotea kwa asubuhi moja. Mradi unaotumia Subversion sharti uwe na utaratibu wa kunakili seva yake mahali pengine. Kwa Git, kila mshiriki mwenye hazina kamili tayari ni akiba, ingawa hilo haliondoi haja ya nakala rasmi.

La tatu ni aina ya mafaili. Git hufanya vizuri zaidi kwa maandishi. Mradi wenye picha kubwa, ramani au video utaona hazina ikivimba haraka. Subversion humruhusu mtu kuchukua folda moja tu na kufunga faili lisiguswe na mwingine, jambo linalofaa kwa mafaili yasiyoweza kuunganishwa.

La nne ni watu. Mfumo bora usiojulikana na washiriki huwafukuza. Subversion hufundishika kwa muda mfupi. Git humtaka mgeni aelewe matawi na uunganishaji kabla hajazoea. Kwa upande mwingine, Git ndio unaotumiwa na miradi mingi zaidi leo, hivyo kijana anayeujua anaweza kuingia mradi wowote duniani.

La tano ni uhai wa mfumo wenyewe. DHIS2 ilitunzwa kwa miaka kadhaa katika Bazaar kabla ya kuhamia Git, wakati Bazaar ulipokuwa ukififia. OpenMRS nayo ilitoka Subversion ikahamia Git mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mwaka 2020 huduma ya Bitbucket iliacha kuhifadhi hazina za Mercurial, na miradi iliyokuwapo ikalazimika kuhama.

Mfumo na mahali pa kuuhifadhi

Wengi huchanganya Git na GitHub. Git ni programu huria. GitHub ni huduma ya kibiashara iliyoanza mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018. Mradi unaweza kutumia Git katika seva yake wenyewe bila kutegemea kampuni yoyote.

Aidha, hazina ya msimbo si mahali pa taarifa za wagonjwa wala nywila. Kilichoingia katika historia hubaki humo hata faili likifutwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za afya kama taarifa nyeti.

Kwa mradi mpya wenye washiriki waliotawanyika na mtandao usio wa uhakika, Git ndio chaguo la kwanza kufikiriwa. Kikundi kidogo cha ofisi moja, chenye mafaili makubwa na seva inayotunzwa vema, hakitakosea kikibaki na Subversion. Kwa vyovyote vile, uamuzi ufanyike kabla mkono wa pili haujagusa msimbo, na sababu zake ziandikwe ili atakayekuja baadaye azielewe.