Wingu la mvua Isiolo huchorwa kwa kumbukumbu

WINGU la mvua ya radi halina subira. Laweza kukua, kumwaga maji na kutoweka kabla mchoraji hajamaliza kuchanganya rangi zake. Kwa sababu hiyo, karibu kila mchoro wa anga lenye dhoruba ni mchoro wa jambo lililokwisha kupita. Msanii huutoa moyoni na akilini mwake, kwani kilichokuwa mbele ya macho yake hakipo tena.

Jambo hili lina uzito wa pekee mjini Isiolo, takriban kilomita 285 kaskazini mwa Nairobi. Katika michoro mingi ya Ulaya, wingu jeusi ni ishara ya hatari. Kwa mfugaji wa Isiolo anayesubiri malisho, wingu hilo ni tumaini kwanza, na hofu baadaye.

Miongoni mwa wachoraji wanaojulikana zaidi waliowahi kuishi Isiolo ni Joy Adamson. Alizaliwa mwaka wa 1910 katika eneo ambalo sasa limo Jamhuri ya Czech, akafika Kenya mwaka wa 1937. Mumewe, George Adamson, alikuwa afisa wa wanyamapori wa wilaya za kaskazini, na makao yake yalikuwa Isiolo.

Ulimwengu unamkumbuka Bi Adamson kwa kitabu chake kuhusu simba Elsa, Born Free, kilichochapishwa mwaka wa 1960. Hata hivyo, kabla ya simba huyo alikuwa mchoraji wa mimea. Mnamo 1949, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Nyingi ya kazi hizo zimehifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Aliuawa Januari 3, 1980, katika hifadhi ya Shaba, iliyo papo hapo Isiolo.

Kazi ya aina hiyo ilitegemea utulivu wa kinachochorwa. Ua hukaa chomboni, na mtu huweza kuombwa aketi bila kutikisika. Wingu haliombwi.

Wasanii wametafuta njia mbili za kulitatua tatizo hilo. Ya kwanza ni kuandika. Mwingereza John Constable, kati ya 1821 na 1822, alichora mawingu mengi upesi upesi kwa rangi ya mafuta huko Hampstead, London. Nyuma ya baadhi ya karatasi hizo aliandika tarehe, saa na mwelekeo wa upepo.

Njia ya pili ni kukumbuka. J.M.W. Turner alionyesha mwaka wa 1842 mchoro wa meli iliyonaswa katika dhoruba ya theluji, akadai kwamba alifungwa kwenye mlingoti kwa muda wa saa nne ili aishuhudie. Wanahistoria wengi wanalitilia shaka dai hilo. Lakini hata wao hawakani kwamba mchoro wenyewe humtia mtazamaji ndani ya dhoruba.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Jak Katarikawe, mzaliwa wa Uganda aliyefanyia kazi zake Nairobi na kufariki mwaka wa 2018, alisifika kwa kuchora ndoto zake na ng'ombe wa kwao. Umbali wa mahali na wa miaka haukuzidhoofisha picha zake.

Anayetaka kuchora anga la Isiolo kwa kumbukumbu hana budi kujua jinsi wingu lifanyavyo kazi. Hewa yenye unyevu hukutana na ardhi iliyopata joto tangu asubuhi, ikapaa, ikapoa na kugeuka matone. Wingu hurefuka hadi zaidi ya kilomita 10 juu. Kitako chake huonekana cheusi kwa kuwa unene wake huzuia mwanga wa jua, ilhali kilele chake ni cheupe kama pamba.

Kwa hivyo, rangi nyeusi tupu humpotosha mchoraji. Bluu iliyokoza ikichanganywa na kahawia yenye wekundu hutoa kijivu chenye uhai zaidi. Aidha, mvua hutanguliwa na upepo wa baridi unaoshuka kutoka winguni na kuinua vumbi. Katika nchi kavu, pengine mvua huning'inia kama pazia chini ya wingu, ikakauka hewani kabla ya kugusa ardhi.

Wakazi wa kando ya mto Ewaso Ng'iro wana kumbukumbu nyingine. Mto huo hupata maji yake katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, hivyo unaweza kufurika huku anga la nyanda za chini likiwa safi. Machi 2010, mafuriko ya mto huo yalisomba kambi za watalii katika hifadhi ya Samburu, inayopakana na hifadhi ya Buffalo Springs ya Isiolo.

Waborana huita mvua ya masika ganna na ile ya vuli hagaya. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa kutoa mvua ya kutosha, na mifugo wengi wakafa kaskazini mwa Kenya. Mwishoni mwa 2023, El Niño ikaleta mafuriko katika maeneo yaleyale.

Hivyo basi, wachoraji wawili wa Isiolo wanaweza kuchora wingu la umbo moja na wakatoa picha mbili tofauti. Anayekumbuka 2022 atachora wingu linalopita. Anayekumbuka 2023 atachora maji yaliyofika mlangoni. Tofauti hiyo ndiyo inayoufanya mchoro kuwa wake mwenyewe, nayo haipatikani kwa kunakili picha ya kalenda.

Msanii atafanya vyema kuiga desturi ya Constable. Nyuma ya mchoro na aandike mahali, msimu na mwaka wa wingu lile, na iwapo mvua yake ilinyesha. Wajukuu watakaoutazama watataka kulijua hilo kabla ya kuuliza kuhusu rangi.