Kisoda Kilichofika Maabara

Katika gereji za bodaboda pale Singe, kata mojawapo ya Mji wa Babati, beringi iliyokufa haitupwi ovyo. Fundi akishaing'oa kwenye gurudumu na kuiweka pembeni, haupiti muda kabla mtoto mmoja hajaja kuiomba. Huisuuza kwa petroli mpaka grisi yote itoke (kazi ambayo mtoto hapaswi kuachiwa peke yake, wala karibu na jiko), huifuta kwa kitambaa, kisha huipachika katikati ya kipande cha mbao alichokichonga mabawa mawili au matatu yenye uzito unaolingana. Hapo huishika kitovuni kwa kidole gumba na kidole cha kati, na kulipiga bawa moja kwa kidole cha pete. Inazunguka na kuvuma. Jina lake halihitaji kufundishwa na mtu: spina.

Ndugu msikilizaji, nawe unayeisoma safu hii ukiwa ndani ya daladala, najua utauliza imekuwaje kichezeo cha watoto kikapewa nafasi ya mazungumzo ya wiki. Jibu langu ni kwamba kitu hiki kina historia ndefu kuliko umbo lake, na kipande kimoja cha historia hiyo kimepita hapa hapa Afrika Mashariki, katika kituo cha afya nchini Uganda. Hayo tutayafikia.

Wengi tulilisikia neno spina mwaka 2017. Miezi ya Aprili na Mei ya mwaka huo, watoto wa Marekani na Uingereza walishikwa na spina kama homa. Maduka yaliishiwa, na huko China baadhi ya viwanda vilivyokuwa vikitengeneza makasha ya simu viliacha kazi hiyo vikageukia spina. Shule nyingi zilipiga marufuku. Wauzaji nao hawakukosa la kusema: walidai kwamba kichezeo hiki kinawatuliza watoto wasioweza kukaa kimya na kuwaongezea usikivu darasani. Madai hayo yalichapwa kwenye maboksi kabla mtafiti yeyote hajayathibitisha. Kufika mwisho wa mwaka homa ilikuwa imeshuka, na mafungu ya spina yakabaki kwenye meza za wachuuzi.

Magazeti ya wakati ule yalimtaja sana mama mmoja wa Florida, Catherine Hettinger, kuwa ndiye mgunduzi. Ni kweli kwamba mwaka 1993 aliomba hataza ya kichezeo cha kuzungushwa kidoleni, akapewa mwaka 1997. Aliipeleka kampuni kubwa ya vichezeo ya Hasbro, ikaikataa. Mwaka 2005 hataza ikaisha muda, kwa sababu mama huyo hakuwa na dola 400 za kulipia ada. Ni habari ya kusikitisha, na ndiyo maana ilienea. Lakini waliokwenda kuisoma hataza yenyewe waliona kwamba kichezeo chake kilikuwa kama kofia ndogo inayozunguka juu ya ncha ya kidole, nacho hakikuwa na beringi. Spina tuijuayo, ile inayozunguka kwa sababu ya beringi iliyo katikati, ni kitu kingine.

Na beringi nayo ina umri wake. Mwaka 1794 Philip Vaughan, mtu wa chuma kutoka mji wa Carmarthen huko Wales, alipata hataza ya kuweka golori ndani ya ekseli ya gari la farasi ili gurudumu lizunguke kwa wepesi. Spina ya dukani hutumia beringi ndogo iitwayo 608, yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22, ile ile inayofungwa kwenye viatu vya magurudumu. Ya pikipiki ni kubwa na nzito zaidi. Jambo la kuchekesha ni kwamba beringi mpya ya pikipiki haifai kwa mchezo huu. Imejazwa grisi nzito, kwa kuwa imeundwa kubeba mtu na mzigo wake, si kupeperuka kidoleni. Iliyochoka na kusuuzwa ndiyo inayokimbia. Kwa hiyo mtoto anayeokota takataka ya gereji ameokota kilicho bora kwa kazi yake.

Babati haijaanza jana kuwa mahali pa vyuma na spea. Mji huu ulikaa kwenye ile Barabara Kuu ya Kaskazini ya wakati wa Waingereza, iliyotoka Arusha kwenda Kondoa na Dodoma, na malori yamekuwa yakikatikia ekseli njiani humo tangu kabla ya Uhuru. Babati ilikuwa sehemu ya Hanang hadi mwaka 1985 ilipokuwa wilaya, na mwaka 2002 mji ukawa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara. Watu wakaongezeka, na pikipiki zikaongezeka zaidi ya watu, kama macho yangu yanavyoniambia.

Sasa turudi kwenye mkono. Siku ya kwanza mtoto hujua kuizungusha spina tu. Siku ya pili hutaka kuisimamisha juu ya ncha ya kidole gumba, inaanguka, anaiokota, inaanguka tena. Kinachomwangusha ni haraka. Kitu kinachozunguka kwa kasi hukataa kulazwa upande. Ukikilazimisha, hakiendi kule ulikokisukuma bali hukwepa pembeni, kama mbuzi anayekokotwa kwa kamba. Kidole lazima kijifunze kukifuata. Akishalipata hilo, huanza kuirusha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na huko kuna somo jingine: mkono unaorusha uiachie ikiwa imelala sambamba na ardhi, na mkono unaopokea uvizie kitovu, usiguse mabawa. Wakubwa huipitisha chini ya goti, huirusha nyuma ya mgongo na kuidaka mbele, huihamisha kutoka kidole hadi kidole bila kuisimamisha. Hakuna anayeyaandika haya ubaoni. Mkubwa huonyesha mara mbili, mdogo huiga mara mia mbili.

Mkono huo haukuja na makasha ya mwaka 2017. Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili utalikuta neno pia limeingizwa zaidi ya mara moja: kuna lile la "vilevile", na kuna pia ya kuchezea, kipande cha mti kilichochongwa kikawa chembamba chini, kinachozungushwa kwa kamba na kuchapwa kwa mjeledi kisilale. Hata fupa la duara lililo mbele ya goti tunaliita pia ya goti. Watu hawawezi kukipa kiungo cha mwili jina la kichezeo wasichokizoea. Misri ya kale walikuwa na pia, Ugiriki ya kale walikuwa nayo, na mtoto aliyeichapa pia kwa uzi wa katani uwanjani alikuwa akifanya kazi ile ile ya spina: kukipa kitu mwendo, kisha kukipa nguvu kidogo kidogo kwa wakati wake, asikipindue.

Wanahistoria wetu hawajayajali sana mambo haya. Tuna vitabu vya vita, vya mikataba na vya bei ya kahawa. Waliojishughulisha na michezo ya watoto ni wachache, mmoja wao akiwa Otto Raum, ambaye mwaka 1940 alichapisha kitabu kuhusu utoto wa Wachagga na kuipa michezo kurasa nyingi. Natamani kungekuwa na kitabu cha namna hiyo kuhusu Wagorowa na Wairaqw wa Babati.

Lakini ufundi ninaotaka kuukazia leo ni wa kisoda. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya 1980 tunakijua vizuri. Unachukua kizibo cha soda, unakiponda kwa jiwe mpaka kiwe bapa; wenye subira kidogo walikitega barabarani lori likanyage. Unakitoboa matundu mawili karibu na katikati kwa msumari, unapitisha uzi, unafunga ncha. Unashika kitanzi huku na kitanzi huku, unakibembeza hadi uzi ujisokote, kisha unavuta. Kisoda kinalia, vuuu, vuuu, na makali yake yanaweza kukata jani la mgomba, au kidole cha jirani.

Asiyejua huvuta tu kwa nguvu, na uzi ukishanyooka mchezo umekufa. Anayejua huvuta, kisha hulegeza pale pale uzi unapomaliza kujisokotoa, ili kisoda kwa mbio zake chenyewe kiusokote upande wa pili. Ndipo huvuta tena. Vuta, legeza, vuta, legeza. Nguvu yote imo katika kujua dakika ya kuachia. Kichezeo cha namna hii ni cha kale mno. Watafiti wamekitaja kuwa cha tangu miaka 3,300 kabla ya Kristo.

Sasa Uganda. Mwaka 2013 Manu Prakash, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani, alitembelea vituo vya afya nchini humo. Katika kimoja alikuta sentrifuji, ile mashine inayozungusha damu kwa kasi ili chembe nzito zijitenge na majimaji, ikiwa imewekwa chini kuzuia mlango usijifunge. Haikuharibika. Umeme ndio haukuwepo. Msikilizaji, picha hiyo huhitaji kwenda Uganda kuielewa.

Prakash na mwenzake Saad Bhamla walirudi maabara wakaanza kutafuta kitu kinachozunguka kwa mkono. Walijaribu vichezeo vya aina mbalimbali, ikiwemo yoyo, mpaka wakafika kwenye kile ambacho sisi tungekiita kisoda. Walipokipiga picha kwa kamera ya kasi kubwa walishangaa kuona mbio zake. Wakakokotoa hesabu za uzi unaojisokota na kujisokotoa, kisha wakatengeneza chao kwa karatasi, uzi na vishikio viwili, na damu ikawekwa ndani ya mirija midogo. Januari 2017 walichapisha matokeo. Chombo kina uzito wa gramu 2 na kinagharimu senti 20 za Kimarekani. Kinafikia mizunguko 125,000 kwa dakika. Hutenganisha majimaji ya damu kwa dakika moja na nusu, na kwa dakika 15 huvitenga vimelea vya malaria. Walikipeleka Madagascar kukijaribu.

Tazama tarehe hizo. Januari ya mwaka 2017 kisoda kiliingia katika jarida la kisayansi, na Aprili ya mwaka huo huo dunia ikapiga kelele kwa ajili ya spina ya plastiki. Hata hiyo spina nayo haikukosa kazi: mwaka 2020 watafiti wa Korea Kusini walitangaza chombo cha kupima maambukizi ya njia ya mkojo, kilichoundwa kwa mfano wa spina na kuzungushwa kwa kidole mara moja au mbili. Kilijaribiwa kwa wagonjwa 39 katika mji wa Tiruchirappalli nchini India, na majibu yalipatikana kwa dakika 50 badala ya kusubiri siku kadhaa. Najua, kutoka kwenye jarida hadi kwenye zahanati ya kijiji ni mwendo mrefu, na wengi huishia njiani. Ila wazo lilikuwa limetoka wapi? Kwenye mchezo ambao mwalimu wangu aliukomesha kwa kiboko.

Simlaumu mwalimu. Mwenye wanafunzi themanini mbele yake na somo la sehemu kumalizia hawezi kuvumilia mivumo ya beringi chini ya madawati. Aizuie. Swali langu ni la baadaye, spina ikishafungiwa kwenye droo ya ofisi. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tumekuwa tukisema kwamba mikono ya mtoto nayo isome. Sera ya elimu, katika toleo lake la mwaka 2023, imekuja na mkondo wa amali katika sekondari, na fedha zinatafutwa kwa ajili ya karakana na zana. Ni jambo jema. Lakini msuguano na mashine rahisi tayari vimo katika sayansi ya shule ya msingi, na somo zima la msuguano limekaa ndani ya droo ile, limesuuzwa kwa petroli na mtoto aliyegundua mwenyewe kwamba grisi inapunguza mbio. Kwa nini lisitolewe siku ya kipindi chake, mtoto huyo akasimama mbele akawaeleza wenzake alivyofanya?

Jambo moja limenifikirisha. Kisoda kinaanza kuwa haba. Soda nyingi siku hizi, Singe kama Dar es Salaam, huja katika chupa ya plastiki, na kifuniko chake ni chepesi na kirefu. Hata ukikitoboa vizuri hakishiki mbio, wala hakivumi. Nadhani hiyo nayo ni sababu ya watoto kuhamia gereji.