Kilicho Chini ya Rangi ya Julie Mehretu

Julai 2024 kila simu mtaani ilikuwa na picha zilezile: timbo la Kware, maji meusi, takataka, vijana wakivuta magunia kwa kamba. Ndani ya magunia, miili ya watu. Wiki chache baadaye zilikuwa zimezikwa na memes na matokeo ya mpira. Zilinirudia nilipoanza kusoma kuhusu Julie Mehretu, mchoraji wa Marekani ambaye huchukua picha za habari za aina hiyo, akazififisha kwa kompyuta hadi usijue ni nini, halafu akapaka rangi juu.

Alizaliwa Addis Ababa mwaka wa 1970, baba Mhabeshi, mama Mmarekani. 1974 wanajeshi wa Derg wakampindua Haile Selassie. Kufikia 1977 vijana walikuwa wanauawa mchana kweupe, na familia ikahamia Michigan, baba akawa mwalimu wa jiografia chuoni. Watu hupenda kusema ndio maana kazi zake zinafanana na ramani. Ni jibu rahisi, lakini si uongo.

Alisoma Kalamazoo College, akakaa Dakar 1990 hadi 1991, akapata shahada ya uzamili kutoka Rhode Island School of Design mwaka wa 1997. Kilichomtambulisha ni vialama vidogo vya wino, ambavyo kwake vilikuwa kama watu: wanahama, wanapigana, wanajenga miji. Chini yake aliweka michoro ya wasanifu wa majengo, akaimwagia akriliki isiyoficha kitu, akaipiga msasa, akachora tena. Tabaka juu ya tabaka. Mtu aliyekulia Eastlands hahitaji kufafanuliwa: ploti ilikuwa shimo la mawe, ikawa mabati, sasa ni ghorofa saba na nguo zimeanikwa kila mahali.

Kazi ninayoipenda zaidi ni *Mogamma*, turubai nne zenye urefu wa mita nne na nusu hivi, zilizopewa jina la jengo la serikali pale Tahrir, Cairo. Amepandanisha humo michoro ya viwanja ambako watu waliandamana, Meskel Square ya Addis ikiwemo. Sehemu yake ilionyeshwa Documenta, Kassel, 2012. Miaka kumi baadaye, maonyesho hayohayo yalipokea Wajukuu, wasanii wa Lunga Lunga hapa Mukuru, waliojenga mlango wao kwa mabati.

Pesa nayo ipo. 2023 mchoro wake mmoja uliuzwa New York kwa dola milioni 10.7, na ukuta mkubwa aliouchora uko ndani ya Goldman Sachs, benki. Hiyo hunisumbua kidogo. Lakini pia alitoa zaidi ya dola milioni 2 ili vijana wa miaka 25 kushuka chini waingie makumbusho ya Whitney bure.

Mwaka wa 2018 alichora *Hineni (E. 3:4)*. Chini yake kuna picha za moto wa California na za nyumba za Warohingya zikichomwa Myanmar. Ukiitazama unaona wekundu, moshi, mikwaruzo myeusi, basi. Jina ni la Kiebrania, jibu la Musa mbele ya kichaka kinachowaka: mimi hapa.