Silsila ya Waliotunukiwa Nobel

Tangu mwaka 1901, ilipoanza kugawiwa mjini Stockholm mali aliyoiusia Alfred Nobel, Mswidi aliyetajirika kwa baruti, walimwengu wameidhania tuzo yake kuwa ni mizani isiyomjua mtu ila kwa kazi yake. Lakini mwenye kuipekua orodha ya waliotunukiwa ataikuta humo silsila ya masheikh na wanafunzi wao, mithili ya ijaza walizopokezana maulamaa wa Lamu na Unguja. J. J. Thomson wa Cambridge aliipata mwaka 1906. Mwanafunzi wake, Ernest Rutherford, akafuata mwaka 1908. Na waliopitia mikononi mwa Rutherford, kina Soddy, Bohr, Chadwick, Cockcroft na Walton, wote wakatunukiwa.

Sababu haikufichika. Tuzo hii haiombwi: sharti mtu apendekezwe, na miongoni mwa wenye haki ya kupendekeza ni wale waliokwisha kuipata. Siwatuhumu hiana, kwani wengi wao waliwapendekeza wastahiki. Ila waliwapendekeza waliowajua.

Tena kujulikana nako hakukumtosha kila mtu. Gabriel Lippmann ndiye aliyeuwasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris, mwaka 1898, utafiti wa kwanza wa Marie Curie juu ya mionzi ya urani, kwa kuwa bibi huyo hakuwa mwanachama. Na Lippmann huyo huyo, mwaka 1903, alitia sahihi pamoja na wenzake watatu barua ya kuwapendekeza Pierre Curie na Henri Becquerel, wala jina la Marie halikutajwa humo hata mara moja. Mwanahisabati wa Kiswidi, Gösta Mittag-Leffler, alimpasha Pierre habari hiyo, naye akajibu kwamba, ikiwa kweli anafikiriwa, angependa afikiriwe pamoja na mkewe. Ndipo lilipofufuliwa pendekezo la mwaka uliotangulia lililokuwa na jina la Marie, akapewa robo ya fungu.

Mwanamke wa pili katika fizikia, Maria Goeppert Mayer, alingojewa hadi 1963. Naye Lise Meitner, aliyeubainisha pamoja na Otto Frisch mpasuko wa kiini cha atomu, alipendekezwa zaidi ya mara 40 na akafariki mwaka 1968 bila ya kuipata, ilhali mwenziwe wa kazi kwa miaka 30, Otto Hahn, alipewa peke yake tuzo ya kemia ya mwaka 1944.