Majina Matatu ya Hospitali Moja: Habari za Muhimbili

Mgeni afikaye Dar es Salaam akiulizia hospitali kubwa huonyeshwa njia ya Upanga, kwenye Muhimbili. Wengi hudhani kwamba jina hilo ni la tangu awali. Sivyo. Hospitali hiyo ina habari ya majina matatu, na tukiyafuata kwa taratibu tutakutana na swali ambalo mwalimu aweza kuulizwa na wanafunzi wake: hospitali ya watu wote ni ipi? Ni ile ya serikali, au ni ile ambayo mlango wake haumchagui mtu?

Kwanza yafaa tukumbuke desturi. Kabla ya hospitali kuwako, mgonjwa aliuguzwa nyumbani. Neno kuuguza ni ndugu wa kuugua, na mwuguzi alikuwa mama, shangazi, mke au jamaa mwingine, yule akeshaye kando ya kitanda na kupika uji. Wazee husema, Mgonjwa haulizwi uji. Yaani aliye hoi hasailiwi, hupewa. Hospitali ilipokuja, neno mwuguzi likawa jina la kazi yenye mafunzo na mshahara. Neno mganga nalo lilitwaliwa na serikali, na hata leo mkubwa wa mambo ya afya katika mkoa huitwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Basi lugha yetu iliipokea hospitali kama jamaa. Lakini hospitali haikuwapokea watu wote kwa namna moja.

Zamani za Wadachi, mwaka 1897, ilifunguliwa hospitali nzuri ufukweni mwa Dar es Salaam, penye upepo wa bahari, nayo yajulikana kwa jina la Ocean Road. Hiyo ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walipata nyingine, iliyojengwa kwa mali ya mfanyi biashara mmoja, Sewa Haji Paroo. Bwana huyu, Mwismailia aliyezaliwa mwaka 1851, alitajirika Bagamoyo kwa kuzipatia safari za bara vifaa na wapagazi, na kwa biashara ya pembe. Alifariki mwaka 1897, kabla hajatimiza miaka 50, akaacha wasia kwamba mali yake iwafae wagonjwa na maskini. Hospitali ikaitwa kwa jina lake. Utajiri ule ulipita juu ya mabega ya wapagazi. Kwa hiyo ilikuwa haki kwamba sehemu yake iwarudie wanyonge.

Mwaka 1916 Waingereza waliutwaa mji. Bendera ilibadilika, walakini mpango wa milango miwili haukubadilika: Ocean Road ilibaki ya Wazungu, na Sewa Haji ya watu wengine. Mji ulizidi kukua, na ile nyumba ya zamani ikazidiwa na wagonjwa. Hatimaye ilijengwa hospitali mpya huko Upanga ili ishike mahali pake. Ilifunguliwa mwaka 1956 na Princess Margaret, ndugu yake Malkia Elizabeth II, nayo ikapewa jina la huyo aliyeifungua. Ndilo jina la pili.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, desturi ya kuwatenga wagonjwa kwa rangi zao haikuweza kudumu. Lakini kuufungua mlango ni jambo moja, na kumpata mtu wa kumpokea mgonjwa ni jambo jingine. Wakati huo madaktari wenyeji wa Tanganyika walihesabiwa kuwa 12 tu katika nchi nzima. Basi mwaka 1963 kilianzishwa chuo cha kufundishia madaktari Dar es Salaam, na katika mwaka huo huo hospitali ikapata jina la tatu, Muhimbili. Jina hilo si la mtoaji wala la mtawala, bali ni la kienyeji. Tangu hapo wagonjwa na wanafunzi wamekuwa pamoja. Mwaka 2000 Muhimbili ikawa Hospitali ya Taifa, na mwaka 2007 chuo chake kikawa chuo kikuu kamili. Siku hizi kazi ya mkoa imewekwa katika hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala, nazo huwapeleka Muhimbili wale ambao ugonjwa wao umeshinda uwezo wa mkoa. Ocean Road nayo, tangu mwaka 1996, ni taasisi ya saratani, na wagonjwa wa kila rangi huingia mlango ule ule uliokuwa wa wachache.

Jina la kwanza halikupotea. Moja katika majengo ya kulaza wagonjwa Muhimbili laitwa Sewa Haji. Jingine laitwa Kibasila, nalo ni jina la jumbe wa Uzaramo wa wakati wa vita vya Maji Maji mwaka 1905. Na saa ya kuwaona wagonjwa ifikapo, jamaa huingia na vikapu vya chakula. Mwuguzi mwenye mshahara hakumwondoa mwuguzi wa nyumbani, wamegawana kazi.

Hata hivyo swali letu halijakwisha. Mwaka 1993 serikali ilianza kuwataka wagonjwa wa hospitali wachangie gharama za matibabu, na mwaka 2023 ikatungwa sheria ya bima ya afya kwa wote, ili mtu asishindwe kutibiwa kwa kukosa fedha. Zamani mtu alizuiwa mlangoni kwa rangi ya ngozi yake. Katika siku zetu aweza kuzuiwa na mfuko mtupu. Mwalimu afundishaye habari za Muhimbili na awaeleze wanafunzi wake mambo haya yote mawili. Kisha awakumbushe ile methali ya uji, maana yule aliyeitunga hakutaja rangi wala fedha. Alimtaja mgonjwa tu.