Viva Riva!: Filamu ya magendo katika jiji lililopoteza sinema zake

Mwaka 2010 tamasha la Toronto lilionyesha filamu ya uhalifu kutoka Kinshasa, Viva Riva!, iliyoongozwa na Djo Tunda wa Munga. Riva anarudi nyumbani kutoka Angola na shehena ya esansi ya wizi wakati jiji zima limekaukiwa mafuta. Nyuma yake anakuja Cesar, mkuu wa genge, akidai mali yake. Sisi wakaazi wa Kinama, tuliozoea foleni za esansi na madumu ya magendo yanayovushwa kutoka upande wa Uvira, hatuhitaji kuelezwa kwa nini dumu moja linaweza kugombanisha marafiki.

Ugumu wa kuitengeneza filamu hii ulianza zamani. Mwaka 1987 Kinshasa ilitoa La Vie est belle, aliyoigiza Papa Wemba. Baada ya hapo utawala wa Mobutu ulidhoofika, uporaji ukafuata, kisha vita vya kuanzia 1996. Kumbi za sinema zilifungwa na baadhi zikageuzwa makanisa. Kizazi kizima kikakua bila kuona mtaa wake kwenye skrini kubwa.

Kwa hiyo Munga, aliyesomea filamu Brussels, hakurudi kukuta mafundi wanaomngoja. Ilibidi vijana wafundishwe kazi kwanza. Waigizaji wengi hawakuwa wamewahi kusimama mbele ya kamera ya filamu, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka Ulaya. Hata hivyo wahusika walizungumza Kilingala na Kifaransa, kama watu wa Kinshasa wanavyozungumza.

Matunda yalionekana mwaka 2011. Filamu ilipata tuzo 6 za AMAA nchini Nigeria, ikiwemo ya filamu bora, pamoja na tuzo ya MTV ya filamu bora ya Afrika.

Mtu anaweza kulalamika kwamba damu na ufuska vimeichafua Kongo mbele ya wageni. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau jambo moja: katika filamu hii mafuta yanamvuta kila mtu, askari na hata padri. Uhalifu hauonyeshwi kama tabia ya watu fulani. Unaonyeshwa kama njia ambayo jiji zima linaishi pale bidhaa ya lazima inapoadimika. Hiyo ni historia ambayo nyaraka za serikali haziandiki.

Burundi nayo ina somo hapo. Filamu ya Léonce Ngabo, Gito l'ingrat, ilitoka 1992, na mwaka uliofuata vita vikaanza. Kipaji hakikufa, ila mnyororo wa kufundishana ulikatika. Munga alionyesha kwamba mnyororo huo unaweza kuungwa tena, mradi kazi ianze na kufundisha watu kabla ya kuwasha kamera.