Mzumbe na Sheria za Mlimani

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifungua Shule ya Serikali za Mitaa huko Mzumbe, kama kilomita 20 kutoka Morogoro mjini, kando ya barabara ya Iringa. Waliolengwa ni machifu, madiwani na makarani wao. Enzi hizo chifu ndiye aliyetoa amri, na barazani kwake ndiko aliyeivunja alikotozwa faini. Kumfundisha chifu kulikuwa pia kumfundisha hakimu.

Mtihani wa mafunzo hayo ulikuja mapema, tena upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ambako Kinole ni makao ya Kingalu, chifu ambaye Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, walimjua zaidi kwa mvua kuliko kwa mafaili. Mpango wa serikali wa kuhifadhi ardhi uliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi mashambani ili kuzuia mmomonyoko. Asiyechimba alikuwa mkosaji. Hajaiba, hajampiga mtu, amelima tu kama mjomba wake alivyolima, na faini inamsubiri. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, upande huohuo wa mashariki, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Matuta yakaachwa.

Vurugu hizo zilichunguzwa na watafiti wawili: Roland Young, msomi wa siasa kutoka Marekani, na Henry Fosbrooke, aliyekuwa mtumishi wa serikali Tanganyika. Kitabu chao kilitoka mwaka 1960. Toleo la Marekani liliitwa *Smoke in the Hills*. Wangeweza kuandika kwamba Waluguru ni wakaidi, na kesi ikaishia hapo. Badala yake walifuatilia ardhi ni ya nani. Walieleza kwamba inashikwa na ukoo wa mama, kwamba mgeni anayelima humpa mkuu wa ukoo malipo yaitwayo ngoto, na kwamba masultani, yaani machifu waliowekwa na Waingereza, walikaa juu ya mfumo huo bila kuumiliki. Amri ya matuta ilipitia kwa mtu asiye na neno juu ya shamba. Kwangu mimi, huo ni utafiti wa uhalifu ulio bora kuliko mwingi uliobeba jina hilo, kwa sababu ulianza kwa kuuliza nani aliliita tendo kosa.

Baada ya uhuru, mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na mwaka huohuo ikatungwa sheria mpya ya mahakama za mahakimu. Mzumbe ikawa inafundisha mahakimu wa ngazi ya chini. Mwaka huo pia serikali ilitangaza sheria za mila zilizoandikwa, lakini zilihusu makabila yanayofuata ukoo wa baba. Hakimu aliyepangiwa Uluguru alikuta maandishi yamenyamaza penye kesi nyingi, pale mpwa anapodai shamba la mjomba. Hapo aliwageukia wazee wa baraza waliokaa naye.

Mengine ni ya vyeti na majengo. Mwaka 1972 shule iliunganishwa na kitengo cha utawala cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikawa Institute of Development Management (IDM), mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe, na sheria ikapata kitivo chake. Mafunzo ya maofisa wa mahakama nayo yalipewa chuo maalumu Lushoto, kwa sheria ya mwaka 1998.

Kinole leo ni kata ya Morogoro Vijijini, nchi ya matunda na viungo, na kata zilipewa mabaraza yake kwa sheria ya mwaka 1985. Wajumbe ni wanne hadi wanane, na kwenye ardhi watatu wawe wanawake. Wakili haruhusiwi kusimama. Mti wa kudumu ndio mtego wa mashauri ya huku: mlipa ngoto akipanda mahindi, msimu unaisha na shamba linarudi, akipanda mkarafuu, amekaa. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza halina tena uwezo wa kuamua mgogoro wa namna hiyo, ila kusuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, mjomba na mlipa ngoto wanapeleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako wanaweza kumkuta wakili aliyesoma Mzumbe.